Basenji: mbwa wa kwetu, jina la matusi

Leo naongea juu ya mbwa.

Mzungu mfugaji akisikia « basenji », anafikiria mbwa mdogo wa kuwinda, wa kilo kumi hivi, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo, paji la uso limekunjamana kama la mzee mwenye mawazo. Asili yake ni misitu ya Congo yetu.

Ajabu yake: habweki kama wengine. Si bubu, hapana. Analia, hata anatoa sauti kama mtu anayeimba, lakini ule wau-wau wa mfululizo hana. Sasa mwindaji atamfuataje ndani ya pori? Wazee walimvalisha kengele ya mti. Nyama wa pori anasikia kengele, anakimbia kuelekea wavu, na mwenye mbwa anajua mbwa wake yuko upande gani. Tena anajilamba mwili kama paka, na jike kwa kawaida huzaa mara moja tu kwa mwaka.

Waingereza walimwonyesha London mwaka 1895, lakini wale wa kwanza walikufa haraka kwa ugonjwa. Ilikuwa mpaka 1937 ndipo Olivia Burn akafaulu.

Na jina? Hapo sisi wa Kasongo hatuhitaji kamusi. Zamani za Tippu Tip, watu wa misafara walijiita waungwana (Kingwana chetu kimetoka hapo), na wenyeji wa pori wakaitwa washenzi. Wabelgiji wakaendelea na neno lile lile kwa mtu wa kijijini asiyesoma. Basi mbwa akaandikwa kwa tusi la wenye kumfuga. Mimi inaniuma, hata kama kule ng'ambo wengi hawajui maana yake.

Kule Marekani mbwa hao walizaliana kutoka mababu wachache mno, damu ikajirudia, ugonjwa wa figo uitwao Fanconi ukaenea: mbwa anakojoa sukari, anakonda, asipotibiwa anakufa. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wao wakapanda ndege mpaka Zaire, wakaingia vijiji vya mbali kaskazini-mashariki kutafuta watoto wa mbwa, sababu karibu na miji mbwa walikuwa wamekwisha kuchanganyika na wale wa Ulaya. Mwaka 1990 kitabu cha ukoo cha Marekani kikafunguliwa kuwapokea. Karatasi za ukoo hawakuwa nazo. Walichaguliwa kwa macho tu, vile mwindaji wa kwetu anachagua.