Senti 22 Kwenye Kahawa ya Dola 2

Mteja anapolipa kwa kadi, muuzaji hapati bei yote. Kabla fedha hazijamfikia, hupita kwa benki iliyotoa kadi, kwa mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, na kwa kampuni inayomhudumia muuzaji mwenyewe, na kila mmoja hukata chake. Kwa kawaida fungu kubwa huenda benki iliyotoa kadi. Cha ajabu ni kwamba kiwango cha fungu hilo hupangwa na mtandao, na mwenye duka dogo hana nafasi ya kukijadili.

Mara nyingi makato huwa na sehemu mbili: asilimia ya bei, na kiasi kisichobadilika kwa kila muamala. Hicho cha pili ndicho kinachowaumiza wenye biashara ndogo. Kwa makato ya asilimia 2.5 na senti 10 za Marekani, anayeuza friji ya dola 500 hukatwa dola 12.60, na zile senti 10 hata hazionekani. Anayeuza donati ya dola 1 hukatwa senti 12 na nusu, yaani sehemu moja ya nane ya bei, na huenda hiyo ndiyo faida yake yote. Benki hujitetea kwamba kuhakiki salio, kuandika hesabu na kushughulikia malalamiko ni kazi ile ile, kiwe kimenunuliwa friji au donati. Hoja hiyo ina ukweli, ila haisemi kazi hiyo inagharimu kiasi gani hasa.

Marekani ilijaribu kuyadhibiti makato hayo, na matokeo yake yanafundisha kuliko nadharia. Mwaka 2010 seneta Dick Durbin wa Illinois aliingiza kipengele katika sheria ya mageuzi ya fedha ya Dodd-Frank kilichoiagiza Benki Kuu iweke kikomo cha makato ya kadi za debiti zinazotolewa na benki kubwa. Wakati huo wastani ulikuwa senti 44 kwa muamala. Kikomo kilichoanza Oktoba 2011 kilikuwa senti 21 pamoja na asilimia 0.05 ya bei, na senti 1 zaidi kwa benki inayopambana na utapeli. Maduka makubwa yalishangilia.

Wauza kahawa hawakuwa na cha kushangilia. Hapo awali mitandao ilikuwa na viwango nafuu vya manunuzi madogo, na kahawa ya dola 2 iliweza kukatwa senti 7 hivi. Mapato ya benki yalipobanwa juu, nafuu hiyo ilifutwa. Kikomo kikawa ndicho kiwango, na kahawa ile ile ikaanza kukatwa senti 22. Redbox, iliyokodisha DVD kwa mashine zilizowekwa madukani, ilipandisha kodi ya usiku mmoja kutoka dola 1 hadi dola 1.20 Oktoba hiyo hiyo ya 2011 na kutaja makato ya kadi kuwa sababu mojawapo.

Walioweza walitafuta njia ya kupunguza idadi ya miamala. Apple, iliyouza wimbo mmoja kwa senti 99 tangu 2003, ilikusanya manunuzi ya mteja mmoja na kuyatoza kwa pamoja. Usafiri wa umma wa London hujumlisha nauli za siku nzima kisha huitoza kadi mara moja. Starbucks humhimiza mnywaji aweke fedha mapema kwenye akaunti yake, hivyo vikombe kadhaa hulipiwa kwa muamala mmoja wa benki. Duka la mtaani halina uwezo wa namna hiyo; hubandika tangazo la kiwango cha chini cha kulipa kwa kadi, ambacho kwa kadi za mkopo sheria ya Marekani inakiruhusu hadi dola 10.

Umoja wa Ulaya ulikwenda na asilimia tupu. Tangu Desemba 2015 fungu la benki iliyotoa kadi haliruhusiwi kuzidi asilimia 0.2 kwa debiti na 0.3 kwa mkopo, kwa hiyo kahawa ya euro 2 huipa benki kiasi kisichofika hata senti moja. Kampuni inayomhudumia muuzaji, hata hivyo, yaweza bado kumtoza ada yake.

India ilifika mbali zaidi: Januari 2020 ilifuta makato ya muuzaji kwa kadi za debiti za mtandao wa RuPay na kwa malipo ya simu ya UPI. Gharama haikufutika, na mwaka 2025 serikali ilitenga rupia bilioni 15 kuzifidia benki na kampuni za malipo kwa miamala midogo ya UPI ya mwaka mmoja wa fedha.