Stori imeingia, tumbo bado tupu: Maisha ya ripota chipukizi jijini Dar

Mwandishi wa habari anayelipwa kwa stori hana saa ya kula. Ana saa ya kufunga ukurasa. Ikimpita, habari yake inalala, na habari ikilala inaweza isitoke kabisa. Isipotoka, hakuna malipo. Mengine yote kwenye siku yake, kuanzia chai ya asubuhi hadi usingizi, yanapangwa kuzunguka saa hiyo moja.

Ndivyo anavyoishi binti mmoja wa miaka 27 jijini Dar es Salaam, mhitimu wa chuo kikuu, ambaye sasa ni mwaka wa tatu anaandikia gazeti bila mkataba. Jina lake halitatajwa kwa kuwa bado anasubiri ajira. Amepanga chumba kimoja Kigamboni, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kama ilivyo desturi ya jiji hili.

Alfajiri yuko kivukoni akisubiri pantoni. Kuvuka ni dakika chache tu. Kinachokula muda ni kusubiri. Hata hivyo, anasema sehemu hiyo ya siku ndiyo anayoipenda. Ngalawa zinarudi kutoka baharini, wachuuzi wanawahi soko la samaki la Feri na ndoo zao, na upepo bado haujachanganyika na moshi wa magari. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5.3 mkoani Dar es Salaam, na ndani ya pantoni la saa 12 asubuhi unaweza kuapa kwamba wote wamepanda na wewe.

Hapo ndipo anapowaza stori. Siku moja alimtazama mama mwenye beseni kichwani akajiuliza ni lini mara ya mwisho mama yule alipimwa presha. Swali hilo likazaa makala. Wazo la namna hiyo halimjii ofisini, ambako anagombea kiti na meza na wenzake watatu.

Kukiwa na semina hotelini, siku hiyo inakuwa ya neema: chai, sambusa, chakula cha mchana, na mwisho bahasha ya nauli. Maadili ya kazi yanaikataa bahasha hiyo, na yako sahihi. Ila maadili hayajawahi kumlipia mtu daladala. Siku isiyo na semina, mlo wake wa kwanza unaweza kuwa chipsi mayai saa 2 usiku, baada ya mhariri kumwambia kwamba stori imeingia.

Mwaka jana mgongo ulianza kumuuma kwa kuinamia kompyuta akiwa amekaa kwenye benchi. Akanunua diklofenaki duka la dawa, vidonge vichache vya kupoza. Vikaisha, akanunua vingine. Alivimeza asubuhi kwa maji matupu, kisha akapanda pantoni. Baada ya miezi kadhaa akaanza kusikia moto chini ya chembe ya moyo, hasa usiku wa manane.

Majirani walimpa jibu papo hapo: vidonda vya tumbo, anakaa na njaa mno. Wakamwelekeza maziwa na juisi ya kabichi. Ugonjwa walipatia, chanzo hawakupatia. Njaa inaweza kuongeza maumivu, lakini vidonda vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori au na dawa za maumivu za kundi la diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambazo hupunguza kinga ya ukuta wa tumbo. Wataalamu wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua bakteria huyo na kazi yake katika ugonjwa huu. Maziwa hutuliza kwa muda mfupi tu, kisha tumbo huzalisha asidi zaidi.

Haya yote binti alikuwa ameyaandika gazetini kwa ajili ya wasomaji. Kujua hakukuwa tatizo lake. Tatizo lilikuwa siku nzima ya foleni hospitali, ambayo kwake ni siku bila stori, halafu gharama ya vipimo. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliwataka wamiliki kuwawekea wafanyakazi wao bima, na mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Yeye hana mkataba, na kadi ya bima hana.

Nyumbani kwao Muheza hakuna anayejua hilo. Huko jina lake likionekana gazetini, baba mdogo hupiga simu kumpongeza na kabla hajakata anaulizia ada ya mtoto. Watu huona jina, wakadhani wameona mshahara. Naye hutuma kidogo, kwa kuwa kukataa kungemlazimu aeleze asichotaka kueleza. Mama yake hupiga usiku.

“Umekula, mwanangu?”

“Nimekula, mama.”

Mzazi mwenye kijana mjini angefanya vizuri kuuliza tofauti: umekula nini, na saa ngapi? Swali la “umekula?” lina jibu lake tayari, kama “hujambo”.

Kilichomtoa kwenye kusitasita ni kinyesi kilichokuwa cheusi kama lami. Hiyo ni dalili ya damu kuvuja tumboni, sawa na kutapika damu au vitu mfano wa unga wa kahawa, na haisubiri kesho. Alikwenda hospitali usiku uleule. Aliazima pesa kwa mpiga picha wa ofisini kwao. Vipimo vikaonyesha kidonda na bakteria, akaanzishiwa dawa za siku 14 pamoja na za kupunguza asidi, na diklofenaki akapigwa marufuku.

Ilibidi mama aambiwe. Hakugomba. Baada ya siku mbili ulifika mfuko kwa basi la Tanga, ndani yake unga, maharage na hotipoti jipya lililofungwa kwa kanga. Binti hulibeba kila siku sasa, na wenzake ofisini humtania kwamba amefungua mgahawa.

Dawa zimekwisha. Kipimo cha kuhakiki kama bakteria ametoka hufanywa angalau wiki nne baada ya dozi, na tarehe ameshaiandika kwenye daftari lake. Siku hiyo hiyo, saa 4 asubuhi, kuna mkutano wa waandishi wa habari, na mhariri amekwisha kumpangia yeye.