Umesahau Nywila ya Nakala Rudufu? Kwanza, Simu ya Zamani Iko Wapi?

Mwenye iPhone amenunua simu mpya. Ile ya zamani ameichomeka kwenye kompyuta, akatengeneza nakala rudufu, akaifuta kila kitu na kuiuza jioni hiyo hiyo. Sasa anachomeka mpya, anachagua kurejesha data, na kidirisha kidogo kinachomoza kikidai nywila. Anaandika ya akaunti ya Apple: inakataa. Anaandika namba za kufungulia simu: inakataa. Anaapa kwamba hajawahi kuweka nywila yoyote, na mara nyingi anasema hivyo kwa moyo mweupe.

Kinachowachanganya wengi ni mahali nywila hiyo inapokaa. Haiko kwenye akaunti ya Apple, wala si mali ya kompyuta. Ni mpangilio uliomo ndani ya simu yenyewe. Siku mtu alipoweka alama kwenye kisanduku cha kusimba nakala, yaani kuifunga kwa nywila, pengine mwaka 2015 akiwa na iPhone 6, simu iliagizwa isitoe nakala isiyosimbwa kwa kompyuta yoyote. Alipohamia simu nyingine kwa kurejesha nakala hiyo, agizo lilihama pamoja na picha na namba za watu. Yawezekana pia mwajiri ndiye aliyelazimisha usimbaji kwenye simu ya kazini, au fundi aliyehamisha data ndiye aliyeandika nywila na kusahau kuisema. Mtu yuko kwenye simu ya nne, nywila ni ya ile ya kwanza.

Usimbaji wenyewe si kero tupu. Nakala iliyosimbwa hubeba vitu ambavyo nakala ya kawaida haivibebi: nywila zilizohifadhiwa, mipangilio ya Wi-Fi, kumbukumbu za afya, orodha ya simu zilizopigwa.

Ikiwa simu ya zamani bado ipo, inawaka, na namba zake za kufungulia zinajulikana, shida imekwisha nusu. Tangu iOS 11 iliyotoka mwaka 2017, nywila ya nakala inaweza kuondolewa bila kuijua. Mtu anaingia "Settings", kisha "General", kisha "Transfer or Reset iPhone", anagusa "Reset" na kuchagua "Reset All Settings". Simu itaomba namba za kufungulia, itajizima na kuwaka upya. Picha, meseji na programu hubaki. Kinachopotea ni mapambo na mazoea: picha ya ukutani, mpangilio wa skrini, nywila za Wi-Fi, kadi za Apple Pay. Baada ya hapo inatengenezwa nakala mpya kwa nywila mpya.

Hapo kidole kiwe na adabu. Kwenye ukurasa huo huo, karibu kabisa na "Reset", yapo maandishi "Erase All Content and Settings". Hayo ndiyo yanayofuta simu nzima. Na ijulikane kwamba kuondoa nywila hakufungui nakala za zamani. Zile zilizokwisha kutengenezwa zitaendelea kudai nywila ile ile iliyosahaulika.

Njia hii ina upande wake wa pili, na wataalamu wa usalama waliilalamikia tangu ilipotoka. Zamani, aliyejua namba za kufungulia simu bado alikutana na ukuta wa nywila ya nakala. Sasa namba hizo zinaweza kutosha kuubomoa, kutengeneza nakala mpya na kuzoa nywila zote za tovuti zilizomo. Kumwachia fundi simu pamoja na namba zake, kwa sababu tu kioo kimepasuka, ni kumwachia zaidi ya simu.

Simu isipokuwepo, kazi inahamia kwenye nakala yenyewe. Wenye Mac wana bahati kidogo: kama siku ile walikubali kompyuta ikumbuke nywila, bado imo ndani. Wafungue programu ya Keychain Access, watafute "iPhone Backup" au "iOS Backup", kisha waombe kuonyeshwa nywila. Kompyuta itadai nywila ya Mac, kisha itaonyesha ile ya nakala. Dakika mbili, na ni ajabu jinsi watu wanavyolipa fedha kabla ya kupita hapo. Upande wa Windows hakuna hifadhi rahisi kama hiyo, lakini nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari cha Chrome zinastahili kupitiwa, kwa kuwa binadamu hurudia nywila zake.

Baada ya hapo hubaki kubahatisha, na hapa ndipo hesabu inapoanza kusema ukweli mchungu.

Ndani ya folda ya nakala kuna faili liitwalo Manifest.plist, ambalo limebeba funguo za nakala zikiwa zimefungwa kwa nywila. Kila nywila inayojaribiwa hupitishwa kwanza kwenye hesabu ndefu inayorudiwa tena na tena ndipo ijulikane kama ni yenyewe. Ni sawa na kumlazimisha mtu asage unga ule ule kutwa nzima kabla ya kuruhusiwa kuonja kama ndio. Mpaka iOS 9 hesabu hiyo ilirudiwa mara 10,000. Kisha Septemba 2016 kampuni ya uchunguzi wa kidijitali ya Elcomsoft ikagundua kwamba iOS 10 ilikuwa imeongeza njia nyingine ya kuhakiki nywila, dhaifu mno, iliyowezesha majaribio kwenda karibu mara 2,500 kwa kasi zaidi: takriban nywila milioni 6 kwa sekunde kwenye prosesa ya kawaida. Kwa mwendo huo, kila nywila inayoweza kuundwa kwa herufi nane ndogo ingejaribiwa chini ya saa 10. Apple iliziba tundu hilo kwenye iOS 10.1, na kuanzia iOS 10.2 ikaongeza marudio milioni 10.

Tuseme basi kompyuta ya nyumbani inatumia sekunde 5 kwa kila jaribio. Nywila ya tarakimu nne itapatikana ndani ya saa 14. Ya tarakimu sita, siku 58 kwa makadirio mabaya kabisa. Herufi nane ndogo zilizochanganywa ovyo? Zaidi ya miaka 33,000. Kadi nzuri za michoro zinapunguza miaka hiyo sana, lakini si kiasi cha kumfaa mtu anayetaka picha za harusi yake mwezi huu.

Kwa hiyo anayefaulu si mwenye mashine kubwa, ni mwenye kumbukumbu ya tabia zake. Programu ya bure ya hashcat inaijua aina hii ya nakala (kwake ni aina namba 14800) na inaweza kulishwa orodha: jina la mtoto na mwaka, namba za ATM za wakati ule, nywila ya barua pepe ya kwanza, jina la timu, kila moja ikiwa na herufi kubwa mwanzoni au bila, na "123" mwishoni au bila. Orodha ya makisio 2,000 kwa sekunde 5 kila moja haifiki saa tatu. Folda inakiliwa kwanza mahali pengine, kazi inafanyika kwenye hiyo kopi, na hakuna anayehesabu umekosea mara ngapi.

WhatsApp ni habari nyingine kabisa, na anayeitendea kama iPhone ataumia. Tangu Oktoba 2021 mtumiaji anaweza kusimba nakala ya gumzo zake kwa nywila au kwa ufunguo wa herufi na tarakimu 64. Akichagua nywila, ufunguo halisi huwekwa kwenye hazina ya mitambo maalumu ambayo hata WhatsApp yenyewe haiwezi kuusoma. Makisio yakizidi kikomo, hazina huufanya ufunguo usipatikane tena, daima. Hapa kila jaribio lina bei. Aliye bado na WhatsApp inayofanya kazi kwenye simu asibahatishe hata mara moja: aende kwenye mipangilio ya kuhifadhi nakala ya gumzo na kubadili nywila akiwa ndani, kwa alama ya kidole au namba za kufungulia simu. Mwaka 2025 kampuni hiyo ilitangaza njia ya kusimba kwa kidole, uso au namba hizo badala ya nywila, na ni vyema kuitumia.

Google nayo, tangu Android 9 ya mwaka 2018, husimba nakala kwa namba, mchoro au nywila ya kufungulia skrini, na ufunguo hulindwa na chipu ya Titan yenye kikomo cha makosa. Inayotakiwa ni ile ya skrini ya simu ya zamani. Watu huhangaika na nywila ya Gmail bure.

Ni mazingira haya yanayowalisha matapeli. Matangazo ya "tunafungua nakala yoyote ndani ya saa moja" yamejaa mitandaoni, na programu nyingi zinazouzwa kwa dola hufanya kile kile ambacho hashcat hufanya bila malipo. Fundi mwaminifu, awe Kariakoo au Luthuli, atamuuliza mteja kwanza simu iko wapi, kisha nywila zake za zamani zilifananaje. Anayeahidi kufungua bila kuuliza lolote kati ya hayo, tena akitaka malipo mbele, asipewe fedha, na asipewe folda ya nakala, maana ikifunguka kweli ndiyo yenye nywila zote za mwenye simu.