Redio ya Tenki Ikinyamaza, Si Lazima Iwe Imekufa



Miradi mingi ya maji ya parokia inafanana: pampu iko bondeni, tenki liko kilimani, na mtunza pampu hupanda kuchungulia kama maji yamejaa. Asipopanda, maji humwagika na dizeli huungua bure, au tenki hukauka na akina mama wakarudi mtoni. Ndiyo maana baadhi ya kamati zimefunga redio ndogo mbili, moja tenkini na nyingine kwenye pampu, ili kina cha maji kijulikane bila kupanda mlima. Mojawapo ni E32 ya kampuni ya Ebyte ya China.

Tumepokea maombi ya kununua redio mpya kwa sababu ile ya zamani "imekufa". Tulipofika tulikuta nzima kabisa. Ilikuwa imewekwa katika hali isiyofaa.

Redio hii ina miguu miwili, M0 na M1. Kila mguu huwekwa juu (una umeme) au chini (hauna), hivyo zinapatikana hali nne. Yote miwili ikiwa chini ni hali 0: redio inatuma na kusikiliza muda wote. Mafundi wengi huishia hapa, kwa kuwa mezani inafanya kazi vizuri. Lakini kusikiliza tu kunakula takribani miliampia 15, yaani miliampia-saa 360 kwa siku nzima. Betri ndogo ya miliampia-saa 2,500 inakwisha kwa juma moja, na huko kilimani hakuna wa kuibadilisha.

Kwa hiyo redio ya tenki iwekwe katika hali 2 (M0 chini, M1 juu). Hapo inasinzia, na kila baada ya kitambo inatega sikio. Redio ya pampu nayo iwe hali 1 (M0 juu, M1 chini), ambayo hutanguliza mwito mrefu wa kuamsha kabla ya ujumbe. Muda wa kuamsha hupangwa kuanzia milisekunde 250 hadi 2,000, na ni lazima ulingane pande zote mbili. Pampu ikiita kwa 250 na tenki likiamka kila baada ya 2,000, ni sawa na mtu anayebisha hodi mara moja na kuondoka kabla mwenye nyumba hajaamka. Jambo jingine: katika hali 2 redio haiwezi kutuma. Saketi ya tenki ikishaitwa, iihamishe kwanza kwenye hali 0, ijibu, kisha irudi kusinzia.

Hali 3, miguu yote juu, ni ya kupanga tu. Hapo fundi huiunganisha na kompyuta kwa kasi ya 9600 na kuandika anwani, chaneli na kasi ya hewani, ambavyo navyo sharti vilingane. Amri inayoanza na C0 huhifadhiwa hata umeme ukikatika. Inayoanza na C2 hupotea. Hapa ndipo kamati moja ilipokwama: fundi alitumia C2, kila kitu kikaenda vizuri kwa miezi, betri ikabadilishwa, na siku hiyo hiyo redio ikanyamaza. Watu walipanda mlima wiki tatu kwa herufi moja na tarakimu moja!

Chaneli zisichezewe. E32 ya megahezi 433 huanza 410 na kupanda megahezi moja kwa kila chaneli hadi 441, na sehemu kubwa ya hapo ni masafa ya watu wengine. Chaneli 24 ni megahezi 434. Ulizeni kwanza mamlaka ya mawasiliano ya nchi yenu, kwa Tanzania TCRA. Na redio isiwashwe bila antena, inaweza kuungua.

Wafadhili wanaopitia bajeti wataona tumeweka siku moja ya fundi ya kupanga redio, na ya pili ya kuzijaribu baada ya kung'oa betri na kuirudisha. Tunaomba siku hiyo ya pili isikatwe.

Kamati nazo ziandike anwani, chaneli, kasi na muda wa kuamsha kwenye daftari la mradi. Nakala moja ifungwe kwenye mfuko wa nailoni ndani ya sanduku la tenki, ili fundi atakayepanda mwakani aikute.