Orkesta ya Spika: Jinsi Sauti Inavyopangwa Ukumbini

Katika tamasha la muziki wa elektroakustika, huenda jukwaani asionekane mpigaji hata mmoja. Kazi imekwisha kutungwa studioni kwa sauti zilizorekodiwa na kuchakatwa kwa mitambo, na mara nyingi imehifadhiwa katika njia mbili tu, ya kushoto na ya kulia. Hata hivyo mtu mmoja huketi katikati ya hadhira, mbele ya meza ya kuchanganyia sauti, vidole vikiwa juu ya vidhibiti. Huyo ni mpigaji kamili wa muziki, na masikio yetu ndiyo yanayoeleza kwa nini anahitajika.

Sauti husafiri hewani kwa kasi ya mita 343 hivi kwa sekunde. Ikitokea kushoto, hulifikia sikio la kushoto kwanza, na la kulia hulifikia kwa kuchelewa kusikozidi milisekunde 0.7 hivi, hata ikitokea pembeni kabisa. Ubongo huipima tofauti hiyo ndogo, hasa kwa sauti nene. Sauti nyembamba huzuiwa na kichwa chenyewe, hivyo sikio la mbali huzipokea zikiwa hafifu zaidi. Mikunjo ya sikio la nje nayo husaidia kutambua kama sauti iko juu, mbele au nyuma.

Studioni, mtunzi hukaa sawasawa kati ya spika mbili, na sauti humjia hata kutoka mahali pasipo na spika. Ukumbini ni wachache wanaokaa katikati. Msikilizaji aliye karibu na spika ya kushoto kwa mita tatu na nusu zaidi ya ile ya kulia huipata sauti ya kushoto milisekunde 10 hivi mapema. Ubongo huifuata sauti iliyotangulia, na mandhari yote aliyoipanga mtunzi huelemea upande mmoja.

Jibu mashuhuri lilitoka Paris mwaka 1974. Mtunzi François Bayle, wa kikundi cha utafiti wa muziki cha Groupe de Recherches Musicales, alizindua Acousmonium, mfumo wa spika zipatazo 80 za ukubwa na tabia mbalimbali. Zilipangwa kwa vimo na umbali tofauti mithili ya orkesta: kubwa za besi, ndogo za sauti nyembamba, kila moja na rangi yake. Mwaka 1982 mtunzi Jonty Harrison alianzisha mfumo mwingine wa spika, uitwao BEAST, huko Birmingham, Uingereza. Yeye alisisitiza kwamba msingi ni jozi nne: moja ya mbele, moja iliyotanuliwa pembeni, moja ya mbali jukwaani, na moja nyuma ya hadhira.

Kwa jozi hizo mpigaji anaweza kuzitimiza ishara zilizomo ndani ya utunzi. Chukua umbali. Chanzo cha sauti kikisogea mbali, sauti inayotujia moja kwa moja hupungua, ilhali mwangwi wa ukumbi hubaki karibu vilevile. Ubongo husoma umbali katika uwiano huo. Kwa hiyo sehemu ya utulivu ikihamishiwa taratibu kwenye spika za mbali, ukumbi huhisiwa kurefuka. Kishindo kikifunguliwa ghafla kwenye spika zote, kuta husogea.

Leo kompyuta huweza kuiongoza kila spika peke yake na kuzikumbuka hatua zote za mazoezi. Ni msaada mkubwa, lakini ukumbi wa mazoezi si ukumbi wa tamasha. Miili na nguo za watu hunyonya sauti, hasa zile nyembamba, na mwangwi uliokuwapo mchana viti vikiwa vitupu hupungua usiku. Mpango wa kompyuta haulijui hilo. Mtu aliyeketi miongoni mwa wasikilizaji hulisikia papo hapo na kuurekebisha mkono wake. Waandaaji wanaompa nafasi katikati ya viti, pamoja na saa za kutosha za kufanya mazoezi na kusikiliza kutoka kila pembe, wanamtendea haki mtunzi na pia msikilizaji wa kiti cha mwisho.