SIKU MOJA KWA SOKWE YATIMA WA NGAMBA

Wengi wenu mmekaa karibu na Ziwa Viktoria tangu kuzaliwa. Visiwa vya wavuvi mnavijua. Lakini kiko kisiwa kimoja ambacho wenyeji wake wengi ni sokwe. Kinaitwa Ngamba. Kiko Uganda, kilomita 23 hivi kutoka mji wa Entebbe. Watu huenda huko asubuhi pamoja na watoto wao, wakarudi jioni. Leo tunaeleza safari hiyo ilivyo, na kwa nini sokwe hao wako kisiwani.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Sokwe si nyani, wala si tumbili. Sokwe hana mkia. Mikono yake ina kucha kama zetu, na masikio yake ni kama ya mtu. Hapa Tanzania wako Gombe na Mahale, katika Mkoa wa Kigoma. Ni huko Gombe, mwaka 1960, mama mmoja Mwingereza, Jane Goodall, aliona sokwe akichukua kijiti na kuvulia mchwa katika kichuguu. Zamani wataalamu walidhani ni mtu peke yake anayetumia vyombo. Kumbe sivyo. Mama huyo alifariki mwaka 2025.

Sasa, sokwe wa Ngamba ni yatima. Kituo kilianzishwa mwaka 1998, na sokwe wa kwanza walikuwa 19. Miaka ya karibuni wamezidi 50. Walipatikanaje? Mwindaji hawezi kumkamata mtoto wa sokwe hivi hivi, maana mama yake hamwachi. Basi humwua mama kwanza, na mara nyingi huwaua na wengine wanaokuja kumtetea. Nyama huliwa au huuzwa. Mtoto hufungwa kamba, akauzwa kwa siri kwa mtu anayetaka kufuga kitu cha ajabu. Wengine hunaswa na mitego ya waya iliyotegwa kwa ajili ya paa na nguruwe wa porini. Waya haichagui. Sokwe akijivuta, inakata nyama mpaka mfupa, na mkono unaoza.

Hasara yake ni kubwa kuliko tunavyofikiri. Sokwe jike huzaa mtoto mmoja tu, kisha hukaa kama miaka 5 kabla ya kuzaa tena. Muda huo wote mtoto ananyonya na kubebwa. Kuua jike mmoja, basi, si sawa na kuua sungura.

Tuifuate sasa familia ya baba, mama na watoto, tuseme wametoka Bukoba. Watapita Mutukula na Masaka mpaka Kampala, kisha Entebbe, na huko watalala. Inafaa kuuliza ada na boti mapema, maana si safari ya bei rahisi. Kesho yake wanapanda boti. Boti ya kasi huchukua kama dakika 50. Ya polepole huchukua saa moja na nusu. Kila mtu avae boya, mtoto na mkubwa. Hapo msikubali mchezo, hata kama ziwa limetulia kama maji ya mtungini.

Kisiwa kina ukubwa wa ekari 100 hivi. Karibu chote ni msitu wa sokwe. Watu wana sehemu ndogo tu, na katikati umepita uzio wa umeme. Upande mwingine ni maji, na sokwe hawezi kuogelea. Wageni husimama kwenye jukwaa la mbao. Saa 5 asubuhi, na tena saa 8 na nusu mchana, watunzaji huja na matunda na mboga. Hapo ndipo kelele! Sokwe wanatoka msituni wakipiga mayowe, wengine wamenyoosha mkono kama mtu anayeomba. Watunzaji wanamjua kila mmoja kwa jina, na wanamrushia chakula chake juu ya uzio. Watoto hucheka sana. Jioni sokwe wengi huingia nyumbani mwao, wakapewa uji, wakalala katika vitanda vya kamba vinavyoning'inia.

Mtu atauliza: mbona mnyama analishwa, naye ana msitu? Sababu ni hesabu tu. Ekari 100 haziwezi kuwalisha sokwe 50. Wangebaki na matunda ya msituni peke yake, wangekufa njaa na miti ingekwisha. Ndiyo maana pia majike huwekewa dawa ya uzazi wa mpango, kijiti chini ya ngozi, kama kile wanachopewa kina mama zahanati. Hata hivyo wako wachache waliozaliwa bila kupangwa!

Na mbona hawarudishwi porini? Sokwe wa porini hawapokei wageni. Madume humpiga mgeni hata kumwua. Halafu yatima huyu amezoea watu. Ataingia kijijini bila woga, naye ana nguvu za kumshinda mwanamume mzima. Tusifiche jambo hili. Magharibi ya Uganda misitu mingi imekatwa kwa mashamba, sokwe wamekosa chakula, wakaingia migombani. Mwaka 2014 sokwe aliua mtoto wa kijijini huko. Mkulima anayewaogopa ana haki yake. Sisi tunaona dawa ni kuacha msitu usimame, maana ulipokatwa ndipo matata yalipoanza.

Jambo jingine wazazi walishike. Mwenye mafua au kikohozi asiende, hata kama nauli imekwisha lipwa. Maradhi yetu humwingia sokwe upesi. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliwapata sokwe wa Gombe, wengine wakafa, wengine wakalemaa. Jane Goodall na wenzake waliweka chanjo ndani ya ndizi, wakawapa wakala. Kwa sababu hiyo hiyo usimfuge tumbili wala ngedere nyumbani. Atawang'ata watoto, mtaambukizana maradhi, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kumfuga bila kibali. Ukimwona mtoto wa sokwe anauzwa, usimnunue eti kwa huruma, kwani muuzaji atakwenda kuua mama mwingine. Mpashe habari bwana wanyamapori au ofisi ya kijiji.

Kwa wasiotaka kuvuka mpaka, iko Rubondo, huku huku Ziwa Viktoria, Mkoa wa Geita. Kati ya mwaka 1966 na 1969 waliachiwa huko sokwe 17 waliotoka Ulaya, ambako walifungiwa. Rubondo ni kubwa mno kuliko Ngamba, na msitu wake unatosha, kwa hiyo walijifunza kujitafutia chakula wenyewe. Wajukuu zao wako hadi leo. Ila huko hakuna jukwaa wala saa ya kulisha. Unaingia msituni na askari wa hifadhi, mnasikiliza mayowe na kufuata nyayo, na pengine mnarudi bila kumwona hata mmoja.