Petroli ya Bei ya Juu na Petroli ya Kawaida: Injini Yako Inataka Ipi?

Leo tutaliweka jembe kando kidogo, tuzungumze juu ya petroli. Wengi wenu sasa mna pampu za kumwagilia, wengine mna pikipiki, na wachache mna gari la kupelekea mazao sokoni. Basi kila ninapopita vijijini naulizwa swali lile lile: "Bwana Shamba, ile petroli ya bei ya juu si ndiyo yenye nguvu zaidi?"

Kiangazi kimoja nilikuwa Ruaha Mbuyuni, kwenye mashamba ya vitunguu. Mzee mmoja akaniita bondeni. Vitunguu vyake vilikuwa vimeanza kujaza, wakati ule ambao vikikosa maji wiki moja tu, mavuno yanapungua waziwazi. Pampu yake ilikuwa inagonga kama mtu anayepiga debe kwa msumari, na maji yalikuwa hayafiki mwisho wa shamba. Jirani akamshauri: "Mzee, nenda mjini kanunue ile petroli ya bei, pampu itapata nguvu." Mzee akauza mbuzi, akanunua. Mlio ukapungua kidogo, lakini maji bado hayakufika.

Kwa nini? Hapo ndipo tunapotaka kufika leo.

Chukua pampu ya baiskeli. Ziba tundu lake kwa kidole, kisha sukuma kwa nguvu mara kadhaa. Utaona pampu inapata moto, kwa sababu hewa ikigandamizwa inapata joto. Ndani ya silinda ya injini ni vivyo hivyo. Pistoni inapanda, inagandamiza hewa iliyochanganyika na petroli, joto linapanda, halafu plagi inatoa cheche na moto unawaka. Huo moto ndio unaoisukuma pistoni irudi chini, na kazi inafanyika.

Sasa tatizo ni hili. Mgandamizo ukiwa mkubwa mno, petroli nyingine haisubiri moto wa plagi uifikie. Inajilipukia yenyewe pembeni kwa lile joto. Milipuko hiyo inapiga kichwa cha pistoni kama nyundo, na ndiyo ule mlio tunaousikia, injini inagonga. Ikiachwa igonge siku nyingi, gasketi inaungua, na hata pistoni inaweza kutoboka.

Ile namba inayoandikwa kwenye petroli, 91, 93, 95, inaitwa oktani. Namba hiyo inapima uvumilivu, yaani jinsi petroli inavyoweza kustahimili kugandamizwa bila kujilipukia. Haipimi nguvu! Lita moja ya petroli yenye namba kubwa na lita moja ya petroli yenye namba ndogo zina joto karibu sawasawa ndani yake. Injini iliyotengenezwa kwa mgandamizo mdogo ukiipa petroli yenye uvumilivu mkubwa, ule uvumilivu hauna kazi ya kufanya. Ni sawa na kununua kamba ya kufungia ng'ombe dume ukaenda kumfungia kuku. Kuku hatanenepa kwa ajili ya kamba.

Je, utajuaje injini yako inataka namba ipi? Soma kitabu kilichokuja na mashine, au mwombe kijana wa shule akusomee. Vitabu vya injini nyingi ndogo za pampu vinataka 91 au zaidi, na petroli ya kawaida inayouzwa kihalali katika vituo vya Tanzania inatosha kabisa. Kuna jambo moja linawababaisha watu. Kitabu hicho hicho mara nyingine kinaandika 86, halafu mstari wa pili 91. Siyo kosa. Wamarekani wana njia yao ya kupima, na 86 au 87 ya kwao ni karibu sawa na 91 yetu.

Kuhusu magari. Zile Land Rover za zamani, ambazo bado tunaziona zikipanda milima, zilikuwa na mgandamizo wa 7 kwa 1 au 8 kwa 1. Huo ni mdogo. Petroli ya kawaida inazitosha. Gari la kisasa lenye tabo au mgandamizo mkubwa ni jambo lingine: kama kitabu chake kinasema lazima 95, mpe 95, usifanye ubahili. Na wenzetu wa nyanda za juu, kama Mbeya, ambako ni zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, wana nafuu. Huko hewa ni nyepesi, silinda inajaa hewa kidogo, na injini za kabureta hazina haraka ya kugonga kama zilivyo Dar es Salaam.

Wazee wengine huniambia petroli ya siku hizi imekosa nguvu tangu ilipoondolewa risasi. Ni kweli risasi ilikuwamo. Mwaka 1921 huko Marekani, Thomas Midgley na wenzake waligundua kwamba dawa yenye madini ya risasi inazuia injini kugonga, na dunia nzima ikaitumia. Lakini risasi ni sumu, inaharibu hasa akili za watoto. Nchi zetu za Afrika kusini ya Sahara ziliacha kuiuza kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani, mwaka 2021. Siku hizi oktani inapandishwa kwa njia nyingine kiwandani. Kilichobaki kwa mwenye injini kuukuu ni kumwambia fundi awe anapima nafasi za vali, kwa maana vali hizo zilizoea kulindwa na risasi.

Haya, turudi kwa mzee wetu wa vitunguu. Nilifungua chujio la hewa, nikakuta vumbi limeganda kama udongo wa kichuguu. Plagi ilikuwa nyeusi tititi kwa masizi. Oili nilipoichomoa kwenye kijiti ilikuwa nyepesi kama maji na inanuka mafuta ya taa. Nikamuuliza, "Mzee, kabla ya kwenda mjini, petroli ulikuwa unainunua wapi?" Akajibu, "Kwenye chupa, pale barabarani. Nafuu shilingi chache."

Huyo ndiye aliyekuwa mchawi. Petroli ile ilikuwa imechanganywa na mafuta ya taa. Mafuta ya taa yana oktani ndogo sana, kwa hiyo injini inagonga. Hayaungui yote, yanaacha masizi, na yanayobaki yanateremka kwenye oili na kuizimua. Ugonjwa huu ulikuwa umeenea mno hapa nchini wakati mafuta ya taa yalipokuwa rahisi kuliko petroli na dizeli. Ndiyo sababu mwaka 2011 Serikali ilipandisha sana ushuru wa mafuta ya taa, na Kenya nao mwaka 2018 wakaweka tozo ya shilingi 18 za kwao kwa kila lita. Tamaa imepungua, lakini haijaisha.

Unaweza kujipimia mwenyewe. Dondosha tone moja la petroli kwenye karatasi nyeupe safi, mbali kabisa na moto na sigara. Petroli safi hukauka upesi na karatasi hubaki karibu kama ilivyokuwa. Ukiona doa la mafuta limebaki hapo kwa muda mrefu, usiitie kwenye mashine yako. Na hata petroli safi isikae kwenye dumu zaidi ya mwezi, kwa sababu sehemu nyepesi zinaruka, inayobaki inawaka kwa shida na inaacha utomvu kwenye kabureta. Msimu ukiisha, funga koki ya tangi, iache injini iungue mpaka izime yenyewe.

Kuhusu fedha, tufanye hesabu ya mfano. Tuseme petroli ya bei imezidi ya kawaida kwa shilingi 200 kwa lita. Pampu inakunywa lita 5 kwa siku, siku 60 za kiangazi. Hizo ni lita 300, na umetoa shilingi 60,000 bila kupata hata ndoo moja ya maji ya ziada. Fedha hizo ni oili mpya ya msimu mzima, plagi, na chujio. Binafsi nikichagua, nachagua oili.

Mzee tulimsafishia chujio, fundi akafungua kichwa akakwangua masizi, tukabadilisha oili na plagi, tukaweka petroli ya kawaida ya kituoni. Jioni ile maji yalifika mwisho wa shamba.

Lakini kulikuwa bado na dumu la nusu lita tano la ile petroli ya chupani. Mama wa nyumba akasema, "Hata hayo yasipotee, nitatia kwenye koroboi." Nikamshika mkono. Mafuta ya taa yenye petroli ndani yake hayafai kwa koroboi wala kwa jiko la utambi, hata yakiwa na petroli kidogo tu. Mvuke wa petroli unawaka hata pakiwa na baridi, na taa inaweza kulipuka usoni mwa mtu anayeiwasha. Mzee akachukua mkaa, akaandika HATARI ubavuni mwa dumu, akalitoa jikoni siku ile ile.